Bei ya Khiyari na Mashamba ya Karafuu: Uhakiki wa Kitabu cha Fahad Bishara

  

Maimamu wetu siku hizi huulizwa suala ambalo waliowatangulia hawakuulizwa kwa wingi namna hii. Mwalimu anastaafu Wete au Chake Chake, anapokea kiinua mgongo chake, kisha anamfuata imamu baada ya Sala ya Alasiri na kumuuliza: Shekhe, fedha hizi niziweke wapi zizae bila ya kuniingiza katika haramu? Zamani jibu lilikuwa jepesi kwa kuwa milango ilikuwa michache: shamba, duka, jahazi, ng'ombe. Leo milango ni mingi. Benki ya Watu wa Zanzibar ina huduma zake za Kiislamu tangu 2011, Benki ya Amana ilifunguliwa Dar es Salaam mwaka huo huo, na mwaka 2025 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilizindua sukuk. Katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, ambalo lilianza kuuza na kununua hisa mwaka 1998, mtu aweza kununua sehemu ya kampuni hata asiijue inafanya nini. Humo kiwanda cha bia na kiwanda cha sigara ni miongoni mwa kampuni za mwanzo mwanzo kuandikishwa. Hayo mawili hayana tabu, kila Muislamu ayajua. Tabu iko kwenye kile ambacho juu yake kimeandikwa "halali", na imamu hana zaidi ya yale maandishi.

Kwa ajili hiyo tumeona kuna faida kuwaletea wasomaji kitabu ambacho ukikitazama jina huwezi kudhani kinawahusu. Kinaitwa "A Sea of Debt", maana yake bahari ya madeni, cha Fahad Ahmad Bishara, mwanahistoria mwenye asili ya Kuwait anayesomesha Chuo Kikuu cha Virginia, Marekani. Kilitolewa na Cambridge University Press mwaka 2017 na kinahusu sheria na uchumi katika upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi kuanzia 1780 hadi 1950. Khabari yake ni ya Maskati na Unguja, ya wafanyabiashara wa Kutch na Gujarat, ya wenye mashamba ya karafuu, makadhi, waandishi wa hati na mahakimu wa Kiingereza. Kinachowaunganisha wote hao ni karatasi ya deni, ile aliyoiita kwa jina lake la Kiarabu, waraqa.

Tuseme mapema kwamba ni kitabu kizuri. Waandishi wengi wa Ulaya waliotangulia walipoandika juu ya madeni ya wenye mashamba wa Zanzibar walikuwa wakirudia maneno ya maafisa wa kikoloni: Mwarabu mvivu na mbadhirifu, Mhindi mlaji riba, na Mwingereza katikati yao akiwaamua. Bishara hakupita njia hiyo. Amezisoma hati zenyewe kwa Kiarabu, akawasoma na mafakihi wa Oman waliokuwa wakiulizwa juu ya hati hizo, na akawapa nafasi ya watu wenye akili waliokuwa wakitatua jambo gumu. Hilo peke yake latosha kukishukuru kitabu.

Jambo gumu lenyewe ni hili. Mkarafuu hauanzi kuzaa ila baada ya miaka sita au zaidi, na ukishaanza hauzai sawa kila mwaka: msimu mmoja wachumaji hawatoshi, msimu wa pili majamvi ya kuanikia yamekunjwa. Mwenye shamba anahitaji fedha leo kwa mavuno ya kesho kutwa. Mwenye fedha yupo, lakini hawezi kuzitoa burebure, na riba imeharamishwa kwa nassi isiyo na shaka. Njia iliyopatikana ikaitwa bei ya khiyari. Wazee wetu waliitamka "bei kheri", na sikio lisilojua Kiarabu likadhani ni bei yenye kheri ndani yake!

Tuchukue mfano wa kufikiria tu. Mwenye shamba anamuuzia mwenye fedha shamba lake kwa rupia 1,000, na shamba lina thamani kubwa kuliko hiyo. Wanaandikiana kwamba muuzaji ana khiyari ya miaka mitatu: akirudisha rupia 1,000, shamba ni lake. Shamba likishauzwa, mnunuzi analikodisha kwa yule yule aliyeliuza, kwa rupia 100 kwa mwaka. Muuzaji hatoki shambani. Analima, anachuma, anaanika kama jana, ila kila mwaka anapeleka rupia 100. Muda ukimalizika naye hana 1,000, bei imepita na shamba limekwenda. Ukiitazama hati huioni riba mahali popote: kuna bei, kuna khiyari na kuna ijara, na zote tatu ni mikataba iliyomo katika vitabu vya fiqhi. Ukizitazama fedha zenyewe, unaona 1,000 zimetoka na 1,000 zimerudi na 300 juu yake.

Bishara ana mlango mzima juu ya mkataba huu, akauita kwa Kiingereza rehani za Waislamu, "Muslim Mortgages". Hapo ndipo anapoandika vizuri kuliko kwengine kote, na hapo ndipo tunapotofautiana naye. Yeye anauliza: mkataba huu ulifanyaje kazi? Uliwezaje kumkutanisha Mwarabu wa Pemba na mtaji wa Bombay bila ya kuivunja sheria ya wote wawili? Anaonyesha namna ardhi ilivyogeuka kuwa njia ya kupitishia mkopo, na anaisifu akili ya waliobuni. Wala hafichi kwamba wanazuoni waliona shaka. Lakini shaka yao kwake ni sehemu ya hadithi, kama alivyo sehemu ya hadithi mwandishi wa hati au balozi wa Kiingereza. Hatumlaumu kwa hilo, mwanahistoria hakuapa kutoa fatwa. Sisi wasomaji wa Kiislamu tunalo suala ambalo hatuwezi kulipita kando: je, ilikuwa sawa?

Tukirejea kwa mafakihi, kwa Imamu Shafii khiyari ya sharti haizidi siku tatu, kwa mujibu wa kisa cha sahaba Habban bin Munqidh aliyekuwa akidanganywa katika biashara. Kwa hiyo khiyari ya miaka mitatu ndani ya akdi haisihi kwa madhehebu yetu. Ndugu zetu wa Hadhramaut, ambao vitabu vyao vimesomeshwa sana katika madarasa ya mwambao, walikuwa na njia nyingine waliyoiita bei ya uhda, ambayo ahadi ya kurudisha shamba hukubaliwa kabla ya akdi na haitajwi ndani yake. Aliyesoma "Bughyat al-Mustarshidin" ya Sayyid Abdurrahman al-Mashhur ataikuta humo. Mahanafi wa Bukhara waliijua kwa jina la bei ya wafaa, na Majalla ya Dola ya Uthmaniya, iliyotolewa baina ya 1869 na 1876, ikaiwekea vifungu vyake. Na Maibadhi wa Oman walikuwa na hii ya khiyari, kwa sababu kwao muda mrefu waruhusiwa ukishajulikana. Basi asije mtu akasema ni hila ya madhehebu fulani. Kila watu walikuwa nayo, kila mmoja kwa lugha ya madhehebu yake.

Na kila watu walikuwa na wenye kuikataa. Katika Maibadhi, Sheikh Nuruddin as-Salimi, aliyefariki mwaka 1914, ni miongoni mwa waliosema wazi kwamba mnunuzi akikusudia mazao tu wala hakukusudia kulimiliki shamba, basi hiyo ni njia ya kuiendea riba. Sheikh Ahmad bin Hamad al-Khalili, ambaye alizaliwa hapa kwetu Unguja mwaka 1942 na akawa Mufti wa Oman kuanzia 1975, ameshikilia msimamo huo huo. Na Baraza la Fiqhi la Kiislamu la Jeddah, katika kikao chake cha saba cha mwaka 1992, liliamua kwamba bei ya wafaa ni mkopo unaoleta manufaa kwa mkopeshaji, na kwa hiyo haijuzu.

Hoja yao yasimama juu ya msingi mmoja ambao kila mwanafunzi wa fiqhi ameupitia: faida hufuatana na dhamana. Anayestahiki mazao ya kitu ni yule ambaye kitu hicho kikiangamia, kimeangamia kwake. Na Mtume (s.a.w.) amekataza faida ya kitu ambacho mtu hakukibebea dhamana, na akakataza kuchanganya mkopo na bei. Sasa tumuulize yule mnunuzi wa shamba. Kimbunga kikija kikaing'oa mikarafuu, nani amepata hasara? Kwa maandishi ni yeye, kwani shamba ni lake. Kwa vitendo alikuwa bado akidai kodi yake, na rupia 1,000 zake hazikupungua hata moja.

Hapa pana jambo la insafu. Imamu Shafii hakuwa akiivunja akdi kwa kumdhania mtu nia mbaya. Akdi ikitimiza nguzo zake aliihukumu kwa dhahiri yake, na nia akaiacha baina ya mtu na Mola wake. Wako wanaouchukua msimamo huu kama kwamba ni ruhusa. Sivyo. Yeye mwenyewe aliichukia nia hiyo huku akisema akdi imesihi, na kadhi aliyekaa barazani hana la kufanya zaidi ya dhahiri. Lakini anayemjia imamu baada ya Alasiri hakuja kutafuta hukumu ya kadhi. Amekuja kuuliza yaliyo baina yake na Mola wake, na huko nia ndiyo jambo la kwanza.

Upungufu wa pili wa kitabu watuhusu zaidi sisi wa kisiwa hiki. Pemba haikupewa mlango wake. Kitabu kinatazama kutoka Mji Mkongwe, zilipokuwa nyumba kubwa za fedha kama ile ya Jairam Shivji iliyoshika forodha ya Zanzibar. Lakini baada ya kimbunga cha Aprili 1872 kuiangusha mikarafuu ya Unguja na kuiacha ya Pemba kwa sehemu kubwa imesimama, karafuu nyingi zimekuwa zikitoka huku. Basi na deni nalo likahamia huku, katika maduka ya Chake Chake, Wete na Mkoani, ambako mkopeshaji na mkopaji walijuana majina na kuzikana. Anayetaka kuiona Pemba ya wakati ule kwa karibu asome pamoja na hiki kitabu cha Elisabeth McMahon cha mwaka 2013, "Slavery and Emancipation in Islamic East Africa". Yeye amepekua kumbukumbu za mahakama na za mirathi za Pemba, akafuatilia neno heshima lilivyobadilika maana baada ya utumwa kukomeshwa.

Na utumwa ndio unaofanya suala la hati safi liwe zito. Mpaka amri ya mwaka 1897, mashamba yale yalikuwa yakichumwa na watumwa. Mkopo uliotolewa kwa mkataba uliokwepa riba kwa uangalifu mkubwa uliweza kwenda moja kwa moja kuongeza nguvu kazi ya watu walionunuliwa, wengi wao wakiwa wametekwa kinyume cha sheria ya Kiislamu yenyewe, ambayo haikuruhusu kuwateka watu huru vijijini mwao na kuwauza. Hati ilichunguzwa neno kwa neno, na kilichokuwa kikiendelea shambani hakikuulizwa. Wanaotuletea leo orodha ya vipimo vya hisa halali, kwamba deni la kampuni lisizidi asilimia 30 na pato lake la haramu lisizidi asilimia 5 kwa mujibu wa viwango vya AAOIFI ya Bahrain, wamefanya kazi ya maana. Lakini vipimo hivyo havimuulizi mwenye kampuni anawalipaje vibarua wake.

Mwisho wa khabari ya wazee wetu wajulikana. Mahakama za Kiingereza zikaitazama bei ya khiyari kuwa ni rehani tu, na ile ijara kuwa ni riba tu. Wakoloni wakasema kwa ukavu yale ambayo baadhi ya mafakihi walikuwa wakiyasema kwa dalili. Bei ya karafuu ilipoanguka katika miaka ya 1930, mashamba mengi yalikuwa yamefungwa na madeni. Mwaka 1934 serikali ikasimamisha kwa muda ulipaji wa madeni na ikazuia ardhi ya Waarabu na Waafrika kuhamishwa kwenda kwa wasiokuwa wao bila ya idhini. Ilipofika 1937 biashara ya karafuu ikawekwa mikononi mwa Jumuiya ya Wakulima wa Karafuu iliyoundwa 1927, na wafanyabiashara wa Kihindi wakagoma hadi 1938. Siasa ya visiwa hivi ilibaki na sumu ya miaka ile kwa muda mrefu. Hati zilizoandikwa ili pasiwe na riba ziliacha nyuma yao chuki ile ile ambayo riba huiacha.

Tuje sasa kwa mwalimu wetu mstaafu. Sukuk iliyo mashuhuri zaidi duniani ni ya ijara. Mwenye kuhitaji fedha anauza jengo au mali nyingine kwa wenye sukuk, kisha anaikodi mali hiyo hiyo na kulipa kodi kila kipindi, na mwisho wa muda anainunua tena kwa bei ile ile aliyouzia. Msomaji aliyefuatana nasi hadi hapa hana haja ya kuambiwa amewahi kuuona wapi mfupa huu. Mwaka 2007 Sheikh Muhammad Taqi Usmani wa Pakistan, aliyekuwa akiongoza baraza la sharia la AAOIFI, alitikisa masoko aliposema kwamba sehemu kubwa ya sukuk zilizokuwepo hazikuafikiana na sharia kwa sababu ya ahadi hiyo ya kununua kwa bei ya mwanzo. Mwaka uliofuata AAOIFI ilizuia ahadi hiyo katika sukuk za ushirika na mudharaba, lakini ikaiachia ijara nafasi. Wako wanazuoni wakubwa waliouridhia mpango huu, na wana hoja zao: mali imehama kweli, hatari yake imehama kweli, na kodi ni kodi. Hoja hiyo ni sahihi pale ambapo ni kweli. Na ukweli wake haupo katika jina. Upo katika ukurasa unaosema jengo likiungua moto nani anabeba hasara, nani analipia bima na matengenezo makubwa, na kama mwenye sukuk aweza kweli kuishika mali ile au anaidai serikali au kampuni fedha tu.

Hatusemi lolote juu ya sukuk ya Zanzibar wala ya benki yoyote kwa jina, kwani hukumu haitolewi kwa tangazo. Tunasema imamu aombe hati, na kama hakufahamu lugha yake atafute wa kumfasiria kabla ya kusema ndiyo au hapana. Mwenye kuuza bidhaa halali hataona uzito kuulizwa.

Kuna jambo jengine, nalo liko mlangoni petu. Wako wenye fedha kidogo Pemba ambao hawaendi benki wala hawajui sukuk. Wao huwanunulia wakulima karafuu zingali mitini, au huikodi mikarafuu ya mtu kwa msimu kabla hata haijatoa maua, kwa bei ambayo mwenye shida hawezi kuikataa. Huu ndio uwekezaji wa kisiwa hiki, na wengi wanaoufanya ni watu wa safu ya mbele msikitini. Kuuza matunda kabla hayajaonyesha kukomaa kumekatazwa katika Hadithi ya Ibn Umar waliyoipokea Bukhari na Muslim, na kukodi mti kwa ajili ya tunda lake kwa wanazuoni wengi ni bei ile ile kwa jina la ijara. Bei ya salam nayo, ambayo fedha hutangulia na bidhaa huja baadaye kwa kipimo na muda unaojulikana, haifungamanishwi na miti maalumu. Na kwa karafuu ina kikwazo chengine cha sheria ya nchi, kwa kuwa mnunuzi ni Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar peke yake.

Njia iliyobaki imo katika vitabu vyetu na haitumiki inavyostahiki: musaqati. Mwenye fedha aingie shambani kwa mkataba, apalilie, atie vibarua, ahudumie mikarafuu, na mazao wagawane kwa fungu walilokubaliana. Mvua ikikosekana wamekosa wote. Atakayesema kwamba kauli mpya ya Imamu Shafii imeihusisha musaqati na mitende na mizabibu tu, aambiwe kwamba kauli ya kale inaijuzisha katika miti mingine ya matunda, na Imamu Nawawi aliichagua, mbali na madhehebu mengine yaliyoipanua. Njia hii haina tangazo wala haimuahidi mtu asilimia fulani kila mwaka. Ndiyo maana wenye fedha hawaipendi.

Kitabu cha Bishara kimeandikwa kwa Kiingereza kigumu cha chuo kikuu na bei yake si ya mwanafunzi wa madrasa. Tungependa kuuona walau ule mlango wa rehani ukifasiriwa kwa Kiswahili na kusomwa katika darsa pamoja na mlango wa buyuu, tena Pemba kabla ya kwengine, maana zipo nyumba ambazo karatasi za aina ile bado zimo sandukuni, na wajukuu hawajui babu yao aliuza nini, wala alikodi nini kwa nani.

Wallahu aalam.